Kipini cha Ford ya mwaka 1908

Leo siasa naziweka pembeni. Wiki nzima nimekuwa nikisoma habari za injini ya Ford Model T, na kilichonishika si Henry Ford wala ule mstari wake wa kuunganisha magari ambao kila kitabu cha historia kinausifia. Kilichonishika ni kipini. Kile cha chuma laini chenye miguu miwili, kinachopenyezwa kwenye tundu la bolti kisha miguu inapindwa, mmoja huku, mwingine kule.

Model T ilianza kutengenezwa Detroit mwaka 1908. Ilipositishwa mwaka 1927 yalikuwa yameshatoka magari zaidi ya milioni 15. Injini yake ilikuwa na silinda 4, lita 2.9 na nguvu ya farasi 20 tu. Utacheka, najua. Lakini piga hesabu: injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kila pistoni inafika mwisho wa njia na kugeuka mara 50 kwa sekunde. Inapogeuka kule juu baada ya kutoa moshi, bolti mbili za konrodi ndizo zinazoivuta irudi chini. Nati ikichomoka, konrodi inaachia na kutoboa bloku. Hapo huna injini tena.

Sasa, nani alikuwa anazikaza nati hizo? Mara nyingi ni mkulima mwenyewe, shambani kwake, kwa spana na nguvu za mkono. Toki renchi, ile spana inayopima umekaza kiasi gani, haikuwa kifaa cha kawaida wakati huo. Tena nati zilifunguliwa mara kwa mara, kwa sababu beringi zilikuwa za madini laini ya babiti yanayolika. Unafungua kifuniko chini ya injini, unapunguza kidogo kwa tupa ncha za kifuniko cha konrodi, unakaza upya. Ndiyo maana nati ilichongwa mifereji kichwani kama taji, ili kipini kipite humo na kuizuia isizunguke.

Hapa ndipo watu wengi wanaofufua magari ya kale wanapojichanganya, kwa maoni yangu. Kipini hakikazi kitu! Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa mashine ya majaribio kwamba kinacholegeza nati zaidi ni vipande vilivyofungwa kuteleza kwa ubavu. Nati ikikazwa vya kutosha, vipande haviteleza na nati haisogei. Ikikazwa kidogo, inaanza kujizungusha yenyewe. Ile washa ya springi tunayoiamini sana haisaidii. Kwa hiyo kukaza ndiko kunakoshika, na kipini ni mlinzi wa mwisho anayehakikisha nati haitoki kabisa. Huwezi kuchagua kimoja ukaacha kingine.

Basi ukikaza ukakuta tundu halijaelekeana na mfereji, usilegeze nati hata kidogo. Kaza mbele zaidi kama bado kuna nafasi. Kama hakuna, badilisha nati, au punguza uso wake wa chini kidogo kwa tupa, uwe bapa. Na kipini kiwe kipya kila mara. Chuma kile kikipindwa, kikanyooshwa, kikapindwa tena, kinakatika.

Kikatike ndani ya Model T uone balaa lake. Injini hii haina pampu ya oili. Flaiwili ndiyo inayorusha oili juu, na flaiwili hiyohiyo imebeba sumaku 16 za kuzalisha umeme, zinazopita mbele ya koili kwa nafasi ya kama milimita 1. Kipande cha chuma kikielea humo, sumaku zinakidaka na kwenda kukwaruza koili. Bolti nne za flaiwili yenyewe hufungwa kwa waya, nao lazima upitishwe upande unaovuta bolti ikaze. Ukiupitisha kinyume, unasaidia bolti ifunguke.

Siku hizi kuna gundi ya nati. Profesa wa Marekani, Vernon Krieble, aliivumbua mwaka 1953, nayo inaganda ikikosa hewa. Ni kitu kizuri, sibishi. Ila kwenye konrodi ya injini ya kale mimi niko upande wa kipini: fundi atakayefungua kile kifuniko miaka 20 ijayo atakiona kwa macho. Gundi ataionaje?

Na usidhani kipini kilikwenda na Model T. Ukiinama mbele ya magari mengi yanayotupeleka kazini utakikuta kwenye nati ya tairodi, inayounganisha usukani na gurudumu. Juzi niliinama kwenye daladala moja iliyosimama inasubiri abiria. Tundu la kipini lilikuwa na msumari. Nikamwonyesha kondakta.

“Kaka, huo unashika tangu mwaka jana,” akanijibu, akaendelea kuita abiria.