Maharage Yanayolala Baridini

Kwetu Rwanda neno maharage halihitaji maelezo. Tunayapanda mvua za Septemba zinapoanza, na kabla mwaka mpya haujaenda mbali tumekwisha kuvuna. Kwa hiyo nilistaajabu niliposoma kwamba Uingereza kuna maharage yanayopandwa bustanini Oktoba au Novemba, yakaachwa nje majira yote ya baridi. Katika insha hii nitaeleza historia yake, na kwa nini naona inatuhusu.

Kwanza, tutofautishe aina mbili. Maharage yetu asili yake ni Amerika. Yalivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na baridi ya kugandisha huyaua. Yale ya Ulaya huitwa faba. Hayo yalilimwa Mashariki ya Kati na kandokando ya Mediterania maelfu ya miaka kabla ya Columbus.

Pili, yanavumiliaje baridi? Siri iko katika wakati wa kupanda. Mbegu hufukiwa kiasi cha sentimita 5, mche ukachipua na kubaki mfupi, huku mizizi ikishika ardhi. Ukipandwa mapema mno hurefuka, nao mche mrefu huvunjwa na upepo na barafu. Jua likirudi, machipukizi mapya hutoka shinani. Mavuno huwahi kuliko ya mbegu za Machi, na mara nyingi ncha zake zimekwisha kukomaa vidukari weusi wanapofika. Wahenga walisema akiba haiozi: mkulima huyu huweka akiba yake ardhini.

Tatu, maharage haya hulisha udongo pia. Mwandishi Mroma Plinius, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba faba hurutubisha shamba kama samadi, na kwamba watu wa Makedonia na Thesalia waliyalima yakafukiwa yalipoanza kutoa maua. Wataalamu wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walithibitisha sababu yake katika miaka ya 1880: bakteria wanaoishi katika vifundo vya mizizi huchukua naitrojeni hewani na kuupa mmea. Hata leo wakulima wa bustani hupanda faba kama mbolea ya kijani. Majani huukinga udongo usichukuliwe na mvua za baridi, kisha mimea hukatwa na mizizi kuachwa ioze humo humo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu vinavyoanza historia ya kilimo na maabara. Kati ya Plinius na wataalamu wale kuna miaka 1,800, na katika miaka yote hiyo wakulima waliendelea kupanda bila kungoja maelezo. Bibi yangu naye hupanda mtama Februari pale palipotoka maharage. Hajui neno naitrojeni, lakini anajua shamba lipi limechoka.

Kwa kuhitimisha, sipendekezi tulete faba milimani kwetu. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa wazee wetu ni historia na unastahili kuandikwa. Waroma walimpata Plinius wa kuandika ya wakulima wao. Ya bibi zetu tusipoyaandika sisi wanafunzi, yatazikwa pamoja nao.