Kutoka Ukuta wa Taa hadi Skrini ya Arlington
Kabla ya skrini kubwa za leo, Houston ilikuwa na ukuta wa taa. Uwanja wa Astrodome ulipofunguliwa mwaka 1965, ubao wake wa matokeo ulikuwa na upana wa futi 474 na balbu zipatazo 50,000. Mchezaji wa Astros akipiga mpira ukavuka uzio, onyesho la sekunde 45 liliwaka: fahali, wachunga ng'ombe, kamba. Waendeshaji wake walikuwa na kazi ileile ya kidhibiti cha ukuta wa video sasa, yaani kuigawa picha moja ili kila kipande kiwake mahali pake, vyote kwa pamoja. Kimoja kikichelewa, fahali anakatika kiuno.

Mwaka 1988 ubao uling'olewa ili kuongeza viti kama 10,000 kwa ajili ya Oilers, timu ya futiboli ya Kimarekani. Hasara ya bure, maana Oilers walihamia Tennessee mwaka 1997.

Agosti 2009 timu hiyohiyo, sasa ikiitwa Titans, ilikuja Arlington kwenye uwanja mpya wa Cowboys, walioihama Irving yetu. Mpira wao uliopigwa juu ukagonga skrini iliyoning'inia futi 90 hivi kutoka chini. Waamuzi wakaamuru upigwe tena.