Likizo ya wiki moja Barbados: Mambo ambayo aila yapaswa kupanga mapema

Barbados ni kisiwa kidogo. Urefu wake ni kilomita 34 na upana wake kilomita 23, na eneo lote, la kilomita 430 hivi za mraba, halifikii hata ukubwa wa Kaunti ya Nairobi. Wakazi wake ni takriban 280,000. Kwa sababu hiyo, wengi hudhani kwamba wiki moja yatosha kukizunguka mara mbili na kubaki na siku za kupumzika.

Hesabu hiyo huwapotosha wazazi wengi. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Bridgetown, mji mkuu wa kisiwa hicho. Anayepitia London husafiri angani saa nane au tisa hadi Uingereza, kisha muda kama huo tena kuvuka Bahari ya Atlantiki, bila kuhesabu saa za kungoja uwanjani. Saa za Barbados nazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa saba: ikiwa ni saa sita mchana Nairobi, kule ni saa kumi na moja alfajiri. Likizo ya siku saba basi hubaki siku tano kamili, na siku hizo hufaidi aila iliyokata mashauri mapema kuhusu mambo matatu: msimu, hati za safari na upande wa kisiwa watakakolala.

Msimu

Msimu wa kiangazi Barbados huanza Desemba hadi Mei, na msimu wa vimbunga katika Atlantiki huanza Juni 1 hadi Novemba 30. Vimbunga huwa vingi zaidi kati ya Agosti na Oktoba.

Barbados iko mashariki kuliko visiwa vingi vya Karibi, na vimbunga vingi hukipita kando. Hata hivyo, si kwamba kisiwa hicho hakiguswi. Kimbunga Janet kilikipiga mwaka wa 1955, Elsa kikaezua mapaa ya nyumba Julai 2021, na Julai 1, 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini yake na mawimbi yake yakavunja mashua nyingi za wavuvi.

Hapa ndipo mzazi wa Kenya hukabiliwa na mtihani, kwa kuwa safari yake hufuata kalenda ya shule. Likizo ya Agosti huangukia kipindi cha vimbunga. Huo pia ndio wakati wa kilele cha Crop Over, sherehe iliyotokana na kumalizika kwa mavuno ya miwa, ambayo hufungwa kwa gwaride kubwa la Grand Kadooment Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Hoteli hujaa siku hizo. Likizo ya Desemba huwa na hali nzuri ya anga, lakini kuanzia katikati ya mwezi huo bei za vyumba na nauli hupanda sana kwa sababu Wazungu na Wamarekani huja kukimbia baridi.

Kwa aila nyingi, likizo ya Aprili ndiyo yenye nafuu. Mvua haijaanza, vimbunga bado, na baada ya katikati ya mwezi, Pasaka ikiwa imepita, bei huanza kushuka. Inayolazimika kusafiri Agosti yafaa ikate bima ya safari inayotaja vimbunga waziwazi, tena iikate mapema. Kimbunga kikishapewa jina, kampuni za bima kwa kawaida hazikubali tena kumlipia fidia mteja anayenunua bima wakati huo.

Hati za safari

Mwenye pasipoti ya Kenya hahitaji viza kuingia Barbados kwa matembezi mafupi. Kikwazo huwa njiani. Anayepitia Marekani ni lazima awe na viza ya nchi hiyo hata kama anabadilisha ndege tu, kwa sababu abiria wote hupitia kwa maafisa wa uhamiaji. Uingereza nayo huwataka Wakenya viza ya kupitia uwanjani, isipokuwa kwa wale wenye hati zinazowaondolea sharti hilo. Ikiwa ndege ya pili inaondoka katika uwanja mwingine wa London, viza inayohitajika ni ya aina nyingine, kwani msafiri atalazimika kutoka nje ya uwanja wa kwanza. Tiketi isinunuliwe kabla ya jambo hili kuthibitishwa kwa kila mmoja katika aila, wakiwemo watoto wachanga.

Kila mtoto awe na pasipoti yake. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe barua ya idhini kutoka kwa mzazi wa pili pamoja na nakala za vyeti vya kuzaliwa, kwani maafisa wa mipaka huweza kuziitisha.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha lazima kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hivyo anayechanjwa wiki ya safari huwa amechelewa. Tangu 2016, cheti hicho hutumika maisha yote. Barbados haina malaria, lakini ina homa ya dengi, inayoenezwa na mbu wanaouma mchana. Dawa ya kufukuza mbu yafaa ipakwe hata kabla ya jua kutua.

Upande wa kulala

Uamuzi wa upande gani wa kisiwa aila italala huamua pia iwapo watoto wataogelea kwa usalama.

Pwani ya magharibi, katika parokia za Saint James na Saint Peter, hutazama Bahari ya Karibi. Maji yake ni matulivu, na kasa huonekana karibu na ufuo. Hapo ndipo zilipo hoteli za bei ya juu zaidi. Pwani ya kusini, katika parokia ya Christ Church, ina mawimbi ya wastani, maduka, vibanda vya chakula na nyumba za kupanga zenye jikoni. Aila yenye bajeti ya kadiri hufaa zaidi huko, hasa karibu na ufuo ambao una waokoaji, kama ule wa Rockley unaojulikana pia kwa jina la Accra.

Pwani ya mashariki hupigwa na Atlantiki bila kizuizi. Bathsheba, kijiji chenye miamba mikubwa iliyosimama baharini, ni mahali pa kupendeza kutazama na panasifika duniani kwa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi. Mikondo yake ni mikali, na mtoto au mtu mzima asiyejua bahari hiyo hapaswi kuogelea hapo. Watoto wanaweza kukaa katika vidimbwi vya kina kifupi vilivyomo kati ya miamba wakati maji yamepwa, mzazi akiwa karibu nao.

Tangu 2011, mwani wa rangi ya kahawia uitwao sargassum umekuwa ukisukumwa na mawimbi hadi visiwa vya Karibi. Barbados huupata zaidi katika pwani za mashariki na kusini, na unapooza hutoa harufu mbaya. Magharibi hauathiriki sana. Anayepanga kulala kusini yafaa aulize hali ya ufuo kabla ya kulipa.

Gharama

Tangu 1975, dola mbili za Barbados zimekuwa sawa na dola moja ya Marekani, na fedha zote mbili hupokelewa madukani. Kabla ya kushangilia au kushtuka, mzazi aulize bei iliyotajwa ni ya dola ipi. Bei ya chumba nayo mara nyingi huongezewa kodi, ushuru wa kila usiku na ada ya huduma, hivyo kiasi cha kulinganisha ni kile cha mwisho.

Chakula kingi huagizwa kutoka nje ya nchi na ni ghali. Aila yenye jikoni inaweza kula kiamshakinywa na chajio nyumbani, ikala nje mara moja kwa siku. Maji ya mfereji hutoka chini ya mawe ya matumbawe na watu huyanywa, kwa hivyo hakuna haja ya kununua maji ya chupa kila siku.

Kuhusu usafiri, Mkenya hatajiona mgeni. Magari hupita upande wa kushoto, na matatu zao, ambazo huitwa ZR kutokana na herufi za nambari zake za usajili, hubana abiria na kupiga muziki kwa sauti. Kuna pia mabasi ya serikali ya rangi ya buluu na mabasi madogo ya manjano. Nauli ni moja, msafiri aende karibu au mbali. Teksi hazina mita, kwa hivyo bei hukubaliwa kabla ya kupanda. Anayekodi gari huhitaji kibali cha udereva cha mgeni, ambacho kampuni za kukodisha magari humsaidia kupata.

Ratiba ya siku saba

Aila ikiondoka Nairobi Jumamosi usiku, yaweza kufika Barbados Jumapili alasiri na kupanga wiki yake hivi:

Jumapili: Kuwasili, kununua chakula na kulala mapema.

Jumatatu: Ghuba ya Carlisle, kando ya Bridgetown. Maji ni matulivu, na meli zilizozama humo huonekana kwa wenye miwani ya kupigia mbizi. Watoto watakuwa wameamka alfajiri kwa sababu ya tofauti ya saa, na ufuo wakati huo hauna watu wengi.

Jumanne: Pango la Harrison, katika parokia ya Saint Thomas, ambamo wageni hupitishwa chini ya ardhi kwa kigari. Alasiri, hifadhi ya wanyama ya Saint Peter. Tumbili wake ni wa ukoo wa wale walioletwa kutoka Afrika Magharibi katika karne ya 17.

Jumatano: Mapumziko katika pwani ya magharibi. Siku isiyo na ratiba huokoa zilizobaki.

Alhamisi: Bathsheba na nyanda za mashariki.

Ijumaa: Historia mchana, Oistins usiku. Katikati mwa Bridgetown na kambi ya kale ya Garrison viliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2011. Kwa watoto wa Kiafrika, mahali pazito zaidi ni makaburi ya Newton, katika parokia ya Christ Church, ambako inakadiriwa watumwa 570 walizikwa. Karibu na Bridgetown pia kuna sanamu ya mtumwa anayekata minyororo, iliyosimamishwa 1985, ambayo wenyeji huiita Bussa, kwa jina la kiongozi wa maasi ya Aprili 1816. Mzazi akiwaeleza wanawe mambo haya, wataelewa kwa nini watu wa kisiwa hicho wanafanana nao. Jioni, Oistins hujaa wenyeji na wageni wanaokula samaki wa kuchoma huku ngoma zikichezwa.

Jumamosi: Kufunga mizigo na kuondoka. Aila inayosafiri usiku huo hufika Nairobi Jumapili usiku au Jumatatu.

Mlo na mila

Chakula cha taifa ni cou-cou na samaki panzi, yule arukaye juu ya maji. Cou-cou ni unga wa mahindi unaosongwa pamoja na bamia, na mtoto aliyezoea ugali hatasumbuka. Shelisheli na keki za samaki hupatikana kwingi. Aila za Kiislamu zifahamu kwamba mlo maarufu wa Jumamosi, pudding and souse, ni wa nyama ya nguruwe. Bridgetown ina misikiti na jamii ndogo ya Waislamu ambao wanaweza kumwelekeza mgeni kwa wauzaji wa nyama halali.

Nguo zenye madoadoa ya kijeshi ni marufuku kwa raia, watoto pia. Kaptula au kofia ya namna hiyo ibaki nyumbani, kwani yaweza kuchukuliwa na maafisa.

Mwisho, kuna mti uitwao manchineel unaoota kandokando ya fuo. Matunda yake hufanana na tufaha dogo la kijani, na ni sumu. Utomvu wake hubabua ngozi, na hata maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye majani yake huleta malengelenge. Mingi imepigwa rangi nyekundu shinani au kuwekewa kibao cha onyo, ingawa si yote. Watoto waonyeshwe mti huo siku ya kwanza, na waambiwe wasiokote tunda lolote ufuoni wala kujikinga mvua chini ya mti wasioujua.

Umeme wa Barbados ni wa volti 115 na plagi zake ni za pini bapa kama za Marekani, kwa hivyo adapta iwe mkobani. Dawa za watoto, vyeti vya chanjo na nguo za kubadilisha za siku moja zisafiri katika mkoba wa mkononi. Sanduku likichelewa London, siku mbili kati ya zile tano zaweza kupotea likingojwa.