Kidingapopo: Homa Iliyopata Jina Lake Unguja

Magonjwa mengi tunayoandikiwa na waganga yana majina ya kigeni, nasi huyatamka jinsi ndimi zetu zinavyoweza. Lakini iko homa moja ambayo jina lake, kama wengi wanavyosadiki, lilishika njia nyingine: lilitoka kwetu likaenda kwao. Waganga wa dunia nzima huiita dengue, nasi twasema dengi, na watu hudhani ni neno la Kizungu. Kumbe wazee wa Unguja waliiita kidingapopo, na wengine kidinga pepo.

Aliyetuandikia habari hiyo ni mganga James Christie, mtu wa Scotland, aliyekaa Unguja wakati wa Masultani. Mwaka 1870 mji ulikuwa umetoka tu katika kolera kali iliyozika maelfu ya watu. Mara homa nyingine ikaingia. Mtu aliamka mzima, akaenda sokoni, na kabla jua halijatua amelala hajiwezi, viungo vyamuuma, mwili wote unawaka, na upele watokea juu ya ngozi. Ilipita nyumba kwa nyumba, haikuchagua Mwarabu wala Mhindi, bwana wala mtumwa. Lakini waliokufa walikuwa wachache, nayo ni ajabu kwa watu waliozoea kolera. Christie alipouliza habari zake, wazee wakamjibu kwamba wao hawaioni kwa mara ya kwanza: ilikuja zamani, yapata mwaka 1823, na jina lake lilikuwa lilo hilo. Basi akaandika maana yake kama alivyoelezwa: ni mshtuko wa ghafula unaokaza viungo vya mtu, ulioletwa na pepo.

Tusiwacheke wazee kwa neno la pepo. Katika miaka ile waganga wenye vyeti vya vyuo vikuu vya Ulaya walifundisha kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa na takataka. Wa Unguja walisema pepo, wa Ulaya walisema mvuke, na hakuna hata mmoja aliyetazama ndani ya mtungi. Tofauti ni kwamba wazee walikuwa wameyaona maumivu vizuri hata wakayapa jina ambalo limedumu.

Jina hilo lilifikaje Amerika? Katika miaka ya 1827 na 1828 homa ya namna ile ilienea katika visiwa vya Karibi, na huko Cuba watu wakaiita dengue. Christie alidhani kwamba neno lilifika pamoja na watumwa waliochukuliwa kutoka pwani ya mashariki ya Afrika, na wenyeji waliokuwa wakisema Kihispania wakaligeuza kidogo lifanane na neno lao la kumtaja mtu mwenye madaha katika mwendo wake, kwa maana mgonjwa wa homa hiyo hutembea amejikaza kama anayejivuna. Wataalamu wengine hushikilia kwamba neno ni la Kihispania tangu mwanzo. Mimi si hakimu wa maneno. Lakini kwamba watumwa wale walisafiri pamoja na jambo jingine, baya kuliko jina, hilo wataalamu wamelithibitisha.

Mbu aitwaye Aedes aegypti ni mzaliwa wa Afrika. Nyumbani kwake pa asili ni msituni, katika mashimo ya miti yanayoshika maji ya mvua. Baadaye akajifunza kukaa na watu, maana mtungi ni kama shimo la mti lililoletwa mlangoni. Merikebu zilizobeba watumwa zilichukua mapipa mengi ya maji ya kunywa kwa safari ya majuma mengi, na mbu huyo akazaa ndani ya mapipa hayo. Hivyo alivuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo, akashuka nao, akakaa huko mpaka leo. Homa ya manjano ilivuka naye kwa njia hiyo hiyo.

Waganga walichelewa sana kumtambua. Mwaka 1881, huko Havana, Carlos Finlay alisema waziwazi kwamba mbu huyo ndiye aletaye homa ya manjano, wakamdharau kwa miaka karibu ishirini. Kwa habari ya dengi, mganga Harris Graham wa Beirut alichukua mbu waliokuwa wameuma wagonjwa, akapanda nao mpaka kijiji cha mlimani ambako homa hiyo haikuwapo, na waliokubali kuumwa huko wakaugua baada ya siku chache. Alitangaza habari hiyo mwaka 1903, ingawa aina ya mbu aliyemshitaki siyo yenyewe. Mwaka 1906 Thomas Bancroft wa Australia akamtaja mwenye hatia, Aedes aegypti. Mwaka uliofuata Wamarekani wawili, Ashburn na Craig, huko Manila, walichuja damu ya wagonjwa kwa chujio lisilopitisha hata kijidudu kidogo kinachoonekana kwa darubini, lakini damu ile iliyochujwa ikazidi kuleta homa. Hivyo wakajua kwamba mletaji ni kitu kidogo kuliko vyote walivyoweza kuona, yaani virusi. Virusi yenyewe haikushikwa mpaka wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, na leo twajua kuna aina nne zake.

Sasa nifike mahali ambapo habari hii yanigusa zaidi. Mwaka 1952, katika nchi ya juu ya Wamakonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika ya siku zile, homa ilizuka ikaangusha vijiji kwa ghafula. Watu walijikunja kwa maumivu ya viungo, nao Wamakonde wakaipa jina la lugha yao, chikungunya, kwa sababu ya kujikunja huko. Waganga Marion Robinson na Lumsden wakaiandika mwaka 1955. Mwanzo ilidhaniwa kuwa dengi. Damu ilipopimwa huko Entebbe, ikaonekana ni virusi nyingine kabisa.

Hapo mambo yakageuka kichekesho kidogo. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja, Donald Carey, alisoma tena maandiko ya Christie, akaona kwamba wale wagonjwa wa Unguja wa mwaka 1870 walisumbuliwa na viungo muda mrefu baada ya homa kuwaacha. Hiyo ni desturi ya chikungunya, si ya dengi. Basi huenda kidingapopo cha wazee kilikuwa chikungunya, na jina lao likachukuliwa likavikwa ugonjwa mwingine, kama kanzu ya kaka anayovikwa mdogo. Lakini kosa hilo halipunguzi kitu kwa ajili yetu, maana homa zote mbili huletwa na mbu yule yule.

Na huko Newala mbu alikuwa akikaa wapi? Nchi ile ya juu haina mito. Udongo wake ni mchanga unaonyonya mvua yote. Wanawake walishuka mabondeni kuchota maji, wakapanda tena na mitungi kichwani mwendo mrefu, na maji yaliyopatikana kwa taabu hivyo hakuna aliyethubutu kuyamwaga. Yalihifadhiwa ndani ya nyumba, siku baada ya siku. Waganga walipochungulia ndani ya vyombo hivyo, wakakuta viluwiluwi.

Naomba wenzangu tunaohubiri usafi tulifikiri jambo hilo. Mara nyingi husimama mtu mbele ya akina mama akasema: ninyi mnaugua kwa sababu ya uchafu. Kwa homa hii neno hilo si kweli. Mbu huyu hapendi mtaro unaonuka. Apenda maji matulivu, safi, yaliyo karibu na watu, penye kivuli. Mwanamke aliyeyachota kwa jasho na kuyatunza vizuri ndiye anayemlea pasipo kujua. Kosa si lake. Ni la umbali wa kisima. Ndiyo maana mahali penye bomba lisilotoa maji kila siku, hata mjini, watu hujaza mapipa na bidoni, na homa hupata makao.

Basi tumjue adui kwa desturi zake. Ana madoa meupe miguuni na mgongoni. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kabla ya jua kutua. Kwa hiyo chandarua cha usiku, ambacho tusikiache hata kidogo kwa sababu ya malaria, hakitoshi kwa dengi. Mwacheni mtoto anayelala mchana alale ndani ya chandarua, na mgonjwa mwenye homa vilevile, kwa kuwa mbu akimwuma mgonjwa, baada ya siku kama nane au kumi aweza kuwapa wengine ugonjwa. Haruki mbali, mara nyingi anayekuuma amezaliwa kwako au kwa jirani. Mayai yake huyabandika juu ya ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukauka miezi mingi yasife, yakingoja mvua. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake ni nusu ya kazi. Chombo sharti kisuguliwe kwa nguvu, kila juma, kwa maana toka yai mpaka mbu mwenye mabawa ni kama siku saba hadi kumi. Maji ya kunywa yafunikwe kabisa, kifuniko kisichoacha upenyo. Mipira ya zamani ya motokari, makopo, vifuu vya nazi, mitungi iliyovunjika, hivyo viondolewe au vitobolewe.

Je, kazi ndogo kama hiyo yaweza kushinda? Nchi za Amerika zilijaribu. Mwaka 1947 zilipatana kumfuta mbu huyo, nyumba kwa nyumba, na mwaka 1958 Brazil ilitangazwa kuwa imemwondoa kabisa. Kisha watu wakalegea, fedha zikaenda kwenye kazi nyingine, naye akarudi. Cuba ilionja matunda ya kulegea. Mwaka 1977 aina ya kwanza ya dengi ilienea kisiwani, homa nyepesi, wengi wakapona wakasahau. Mwaka 1981 ikaja aina ya pili. Katika miezi michache wagonjwa 344,203 waliandikwa, wakafa 158, na 101 kati yao walikuwa watoto. Hapo waganga walielewa vizuri jambo lililokwisha kuonekana huko Manila na Bangkok katika miaka ya 1950: aliyeugua aina moja hupata kinga ya aina ile, lakini akipatwa na aina nyingine baadaye, hatari yake huzidi badala ya kupungua. Wacuba waliingia nyumba zote, wakakagua kila pipa, na kabla ya mwisho wa mwaka ule homa ikazimika.

Jambo hilo la kuugua mara ya pili lilitatiza hata chanjo. Huko Ufilipino wanafunzi wengi walianza kuchanjwa mwaka 2016. Mwaka 2017 kazi ikasimamishwa, kwa kuwa ilionekana kwamba mtoto ambaye hajapata kuugua dengi aweza kudhurika zaidi akiugua baada ya chanjo ile. Chanjo nyingine zimetengenezwa tangu hapo, lakini pipa bado lataka kifuniko.

Dawa ya kuua virusi hii haipo. Mgonjwa apumzike, anywe maji mengi, apewe paracetamol kwa homa. Asipewe aspirini wala ibuprofen, maana huongeza kutoka damu. Na angalieni sana siku ile homa inaposhuka, ya tatu mpaka ya saba. Watu hufurahi wakisema amepona, kumbe hapo ndipo hatari huingia kwa wengine: tumbo kuuma sana, kutapika bila kukoma, damu katika fizi au puani, kupumua mbio, mwili kuwa baridi, mtoto kulegea au kuhangaika. Aonekanapo hivyo apelekwe hospitali upesi, isingojwe kesho.

Wengine watasema hayo ni ya Unguja na Cuba. Lakini Dar es Salaam mwaka 2014 iliugua dengi, na mwaka 2019 wagonjwa nchini Tanzania walipita 6,000, wengi wao wa mji huo. Hapa Kongo, Kinshasa ilijikunja kwa chikungunya mwaka 1999 na 2000, na tena mwaka 2019. Na mwaka 2016 homa ya manjano ikaja kutoka Angola, hata mamilioni ya watu wakachanjwa. Mtu akipata homa, twasema ni malaria, twanunua vidonge sokoni. Apimwe kwanza, na kama si malaria, mganga akumbushwe jina la kidingapopo.

Siku moja baada ya kufundisha haya katika kikanisa chetu, mama mmoja anayepamba altare aliniuliza kama vyombo vya maua navyo vina hatia. Tukaenda kutazama. Ndani ya kile kilicho mbele ya sanamu ya Bikira Maria viluwiluwi walikuwa wakicheza. Tukakimwaga juani, tukakisugua kwa mchanga, tukaweka humo mchanga wenye unyevu badala ya maji. Kisha akasema, twende tukaangalie na kwa katekista. Pipa langu la mvua, nyuma ya nyumba, hatua ishirini toka hapo, lilikuwa wazi. Alichungulia ndani, akanitazama, hakusema neno. Akaenda kuniletea kipande cha bati.