Mashua Iliyofika Bumbire

Asimamaye ufukweni Bukoba asubuhi, ziwa likiwa limetulia, hukiona mbele yake kisiwa cha Musira, jiwe kubwa lililosimama majini. Kusini zaidi, upande wa Muleba, kuna visiwa vingi, na mkubwa wao ni Bumbire. Mwezi wa Aprili 1875 mji wa Bukoba ulikuwa haujazaliwa. Emin Pasha aliuasisi miaka 15 baadaye, mwaka 1890. Ndipo ulipopita katika maji hayo mfano wa chombo ambao watu wa pwani ile ya ziwa hawakuuzoea: mashua ndefu, nyembamba, yenye tanga, isiyochongwa katika gogo wala kushonwa kwa nyuzi. Ndani yake alikuwamo Mzungu mmoja, na waliobaki wote walikuwa mabaharia wasemao Kiswahili.

Mashua ile ilitoka wapi? Swali hilo si dogo kwetu sisi wa visiwani, tuliozoea kumuuliza mgeni nasaba yake kabla hatujamkaribisha ndani. Na chombo nacho kina nasaba. Kina aliyekiagiza na aliyekiunda, aliyekipa jina, na waliokitia majini. Nasaba ya mashua hii imeandikwa, ila imeandikwa upande mmoja.

Jina lake lilikuwa Lady Alice. Aliyeiagiza ni Henry Morton Stanley, mwaka 1874, kwa fedha za magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani. Aliyeiunda ni James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Fundi huyu hakuwa muundaji wa merikebu za mizigo. Katika ujana wake alikuwa bingwa wa Uingereza wa mbio za makasia, akaushika ubingwa huo toka 1854 hata 1857, na chuoni mwake palitoka vyombo vya mto, vyepesi na vya kasi. Basi mashua iliyokusudiwa kuzunguka ziwa kubwa kupita yote Afrika ilizaliwa katika ukoo wa vyombo vya mashindano. Urefu wake ulikuwa futi 40 na upana wake futi 6, mbao zake ni za mwerezi, nazo ni nyembamba mno. Ajabu yake kubwa ni kwamba iliundwa ili ivunjwe: ilikatika vipande vitano, kila kimoja kibebwe peke yake, kisha viungwe tena penye maji.

Jina nalo lina kisa chake. Alice Pike alikuwa binti wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 17, ambaye Stanley alitaraji kumwoa akirudi. Januari 1876, bwana akiwa bado porini na mashua yenye jina la mchumba, mchumba aliolewa na mwanamume mwingine. Habari hiyo haikumfikia mpaka safari ilipokwisha.

Hapo ndipo wanahistoria wengi huishia wanapoitaja asili ya mashua hii: Teddington, Messenger, mwerezi, Alice. Mimi naona hiyo ni nusu tu ya habari. Kwani ilipofika Unguja vipande vyake vilipimwa vikaonekana ni vizito kupita kiasi. Kila kimoja kilizidi kilo 120, uzito usiobebeka katika njia za bara ambazo upana wake ni wa unyayo. Ikabidi seremala Mwingereza aliyekuwapo mjini avikate na kuvigawa upya. Kwa hiyo mashua iliyovuka kwenda Bagamoyo haikuwa tena ile iliyotoka Teddington. Ilikwisha kuzaliwa mara ya pili, kisiwani petu.

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara ukaondoka Bagamoyo, watu zaidi ya 350. Wapagazi wa mashua walichaguliwa katika wenye nguvu, nao walikuwa Waungwana wa Unguja na Mrima. Penye vichaka ilibidi njia ifyekwe ili vipande vipite. Njaa ikaua watu, maradhi yakaua, vita huko Ituru vikaua. Siku ya 103, mwishoni mwa Februari 1875, wakafika Kagehyi, kusini ya ziwa. Na tarehe 8 Machi mashua ikaelea. Serahangi wake alikuwa Wadi Safeni. Jina hilo naomba msomaji alishike.

Wakazunguka upande wa mashariki, wakapanda kaskazini hadi kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, kisha wakateremka pwani ya magharibi. Ziwani mlikuwa na ustadi wa zamani. Waganda walikuwa na mitumbwi mirefu iliyoshonwa mbao kwa mbao, kama mtepe wetu ulivyoshonwa kwa kamba. Kwa jicho la mshonaji mitumbwi, chombo cha vipande vilivyofungwa kwa chuma kingeonekana kitu kigeni hasa.

Wakapumzika Musira. Kisha, tarehe 28 Aprili, wakiwa na njaa, wakakaribia Bumbire kutafuta chakula. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya Ihangiro, ufalme ambao nchi yake leo imo katika Muleba. Yaliyotokea tunayasoma kwa kalamu ya Stanley peke yake, na kalamu ya mtu anayejitetea husomwa kwa tahadhari. Anasema wenyeji waliikamata mashua wakaiburuta juu ya mawe na watu wakiwa ndani, wakaizingira kwa mikuki na pinde, kisha wakachukua makasia. Ukiisoma habari hiyo kutoka upande wa kisiwa, ina maana yake: chombo kisichojulikana kwao, kimekuja bila mjumbe na bila idhini ya mtawala, mwenye kisiwa akakizuia na kukiondolea miguu ya kukimbilia, mpaka shauri lifanyike.

Safeni ndiye aliyetumwa kusema nao. Mara ya mwisho alikwenda mbele peke yake, ameshika nguo nzuri, azikunjue mbele ya macho yao, wenzake wakisukuma mashua kurudi majini. Ilipoelea alipigiwa ukelele, akageuka mbio, akajitupa ziwani. Stanley akafyatua bunduki, watu wa Bumbire wakaanguka. Mabaharia hawakuwa na makasia, wakang'oa mbao za sakafu ya mashua wakazifanya makafi. Mwerezi wa Teddington ukawa kafi mikononi mwa watu wa Unguja, na kwa kafi hizo wakanusurika.

Lau mambo yangeishia hapo tungesema ni mkasa wa njaa na hofu. Lakini mwanzo wa Agosti Stanley alirudi kwa makusudi, na kundi la mitumbwi na watu kama 280, wengi wao Waganda. Akajipanga majini, nje ya masafa ya mishale, akaamuru bunduki zipigwe juu ya watu waliokusanyika ufukweni. Makumi walikufa. Aliyaandika haya mwenyewe katika barua zake kwa magazeti, bila kificho, na Uingereza kwenyewe wakatokea watu wa kumlaumu hadharani. Damu hiyo nayo imo katika nasaba ya Lady Alice. Na miongoni mwa waliofyatua walikuwamo wana wa pwani yetu. Si haki tuudai ustadi wao wa baharini tukaiacha siku hiyo nje ya hesabu.

Toka hapo mashua ikabebwa tena hadi Ujiji, ikalizunguka Ziwa Tanganyika mwaka 1876, ikaingia Lualaba na kuteremka mto Kongo. Tarehe 31 Julai 1877, juu ya maporomoko ya Isangila, Stanley akaamuru ipandishwe juu ya mwamba na kuachwa. Safari iliyobaki hadi Boma ilikuwa ya miguu.

Katika siku hizo hizo watu waliambiwa kwamba bahari iko karibu. Safeni, aliyesimama peke yake mbele ya mikuki ya Bumbire, hakuistahimili habari hiyo. Akili ikamruka kwa furaha. Akaja kumkumbatia bwana wake miguu, akatwaa kasuku wake, akaingia msituni akisema anakwenda zake Unguja. Wenzake walitumwa kumtafuta, wakarudi mikono mitupu. Novemba 1877 waliosalia, takribani theluthi ya walioondoka, walishuka bandarini Unguja. Mashua haikuwapo, wala serahangi wake.