Mwaka wa 'Inniin: Waliyoyaona Mafuqahaa na Yanayojulikana Leo Kuhusu Mishipa ya Fahamu

Arusha mjini hatukosi kukutana na bango au mchuuzi anayenadi dawa ya nguvu za kiume. Lakini likifika kwenye kikao cha usuluhishi wa ndoa, jambo lilelile huwa limevaa kanzu nyingine. Mke hulalamika kuwa mume hamjali, mume naye hudai mke ana kiburi, na lenyewe halitajwi. Mafuqahaa wetu hawakulionea haya. Waliliandikia mlango wake katika vitabu vya nikaha, na humo ndimo tunamopenda kumpitisha msomaji kabla hatujafika kwa madaktari.

'Inniin ni mwanamume mwenye dhakari iliyo kamili lakini hawezi jimai. Huyu si majbuub, aliyekatwa. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimpa 'inniin muhula wa mwaka mmoja, na mke akahiyarishwa baada yake. Jamhuri ya wanavyuoni wakaishika hukumu hiyo, miongoni mwao madhhab yetu ya Shafi. Ibn Hazm aliikataa. Hoja yake ni hadithi mashuhuri ya mke wa Abdur-Rahman bin Az-Zabiir, aliyemshitaki mumewe kwa Mtume (S.A.W.) naye hakumwekea mume muhula wowote. Wakajibiwa wenye rai hiyo kuwa mume yule alikanusha, na muhula huwekwa pale udhaifu unapothibiti. Sisi twaona jibu hilo lina nguvu.

Kwa nini mwaka, si mwezi wala miaka mitatu? Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria (1223), ameeleza katika Al-Mughni kuwa mwaka hupitisha misimu yote minne. Ikiwa ugonjwa umetokana na ukavu, msimu wa unyevu utauondoa. Ikiwa ni baridi, joto litauondoa. Ukipita mwaka na hali ni ileile, hujulikana kuwa ni maumbile. Anayeishi chini ya Mlima Meru anaielewa hoja hii bila kufunguliwa kitabu: masika ya Machi hadi Mei, baridi kali ya Juni na Julai, vuli, kisha kiangazi cha Januari.

Tiba ya misimu na mizani ya mwili ilikuwa ndiyo elimu ya zama zile. Matabibu wa kale, kuanzia kwa Wayunani, walidhani dhakari husimama kwa kujazwa upepo. Sasa yajulikana kuwa ni damu, na mwenye kuifungulia njia ni mishipa ya fahamu. Mwaka 1863 Mjerumani Conrad Eckhard alisisimua mishipa itokayo sehemu ya chini ya uti wa mgongo wa mbwa, na dhakari ikasimama. Kwa binadamu kituo hicho kiko katika sehemu za pili hadi ya nne za sakramu, kwenye uti. Mishipa hiyo ikiamshwa hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, misuli laini ya dhakari hulegea, na damu huingia. Waliogundua kazi ya hewa hiyo katika mishipa ya damu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1998, mwaka uleule Viagra ilipoingia madukani.

Ipo pia mishipa ya kundi la pili, itokayo juu zaidi, eneo la mwisho wa kifua na kiuno. Hiyo ndiyo inayofanya kazi mtu akiwa na hofu au wasiwasi, na kazi yake kubwa hapa ni kuilaza dhakari. Kwa hiyo mume aliyejaa woga anaweza kuwa mzima wa viungo na akashindwa. Dalili yake ni nyepesi: akilala usingizi wa ndoto, au akiamka alfajiri, dhakari husimama bila yeye kutaka. Mafuqahaa wa Kishafi walisema zamani kuwa mtu anaweza kuwa 'inniin kwa mke mmoja na asiwe kwa mwingine. Wengi mitaani wangesema huyo amefungwa. Hatukanushi kuwepo kwa sihri, ila woga peke yake watosha kuleta hali hiyo, na aghalabu ndio.

Kinyume chake ni yule mishipa yake imekufa kweli. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu na mishipa midogo ya damu, na kwa baadhi ya wanaume kushindwa kitandani ndiyo dalili ya kwanza. Hapa twakumbuka mwaka 2011, mkoani kwetu humuhumu, maelfu ya watu walipofuata barabara ya vumbi hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyosemwa kuwa yanapona, na wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali. Aliyeacha dawa zake za kisukari aliiacha sukari iendelee kula mishipa ileile tunayoizungumzia.

Kwa Kishafi mwaka huhesabiwa tangu kadhi anapouweka, si tangu siku ya harusi, na haki ya kudai ni ya mke. Akiridhika, ndoa yabaki. Zanzibar kadhi yupo mahakamani. Huku Bara ni Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo nayo inaruhusu ndoa kubatilishwa ikiwa mmoja hakuweza jimai tangu ilipofungwa, na mabaraza ya usuluhishi hukaa kwanza. Imamu anayekaa humo ana maswali mawili ya kumuuliza mume faraghani: Je, alfajiri huamka nayo imesimama? Umepima sukari? Akijibu la kwa yote mawili, safari ya kwanza ya mwaka wake ni Hospitali ya Mount Meru au yoyote iliyo karibu, kabla ya kwa mchuuzi wa stendi.