Sayyid Barghash: Karafuu, Kanuni na Matbaa

Mtu akitajiwa Sayyid Barghash bin Said, aliyeitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi alipofariki 1888, hukumbuka Beit al-Ajaib, au maji safi aliyoyavuta kwa mabomba kutoka chemchemi hadi mjini. Mashabiki wa taarabu humkumbuka kwa jingine. Wazee wa fani hiyo husimulia kwamba ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya muziki yenye nyuzi, na kwamba kijana huyo aliporudi alikusanya wapigaji wengine, wakawa wanamtumbuiza Sultani jumbani.

Misri aliifahamu mwenyewe. Mwaka 1875 alizuru Uingereza, Ureno na Ufaransa, na katika safari hiyohiyo akapita Misri. Habari za ziara hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu na katibu wake, Zahir bin Said, zikatoka kitabu mwaka 1878. Hata kabla ya hapo alikuwa ameshaona dunia, ingawa si kwa hiari: mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sayyid Majid, akashindwa na kuhamishiwa Bombay, mji uliokwishazoea magazeti na mitambo ya chapa.

Kwangu mimi, kazi yake kubwa zaidi ni matbaa. Aliweka mtambo wa kupigia chapa kwa herufi za Kiarabu na kuupa kazi ambayo mfanyabiashara asingeithubutu: vitabu vikubwa vya fikihi na tafsiri vya madhehebu ya Ibadhi. Kimoja ni Qamus al-Sharia cha Jumayyil bin Khamis al-Saadi wa Oman, kilichoandikwa kwa majuzuu 90. Kingine ni tafsiri ya Kurani ya Sheikh Muhammad Atfayyish, mwanachuoni wa Mzab kule Algeria. Maandishi ya mtu wa pembezoni mwa Sahara yakapigwa chapa Unguja, na kwa miaka ile kisiwa chetu kikawa kiungo cha elimu ya Kiibadhi.

Lakini mlango huo haukuwa wazi kwa kila mwenye elimu. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, Msunni aliyewavutia baadhi ya Waibadhi kwenye madhehebu yake, alitiwa gerezani na Barghash, akatoka tu baada ya Sultani kufariki. Aliyefadhili vitabu ndiye aliyemfunga mwalimu, na hatuna budi kuyaandika yote mawili.

Na fedha zenyewe? Zilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na ushuru wa forodha. Kimbunga cha 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Uingereza ilimshurutisha kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la mjini likafungwa. Mashambani, hata hivyo, utumwa uliendelea, na mikono ya watumwa ndiyo iliyochuma karafuu zilizolipia nyuzi za kanuni na wino wa matbaa.

Kiswahili hakikupewa nafasi kubwa katika ufadhili huo. Vitabu vya Sultani vilikuwa vya Kiarabu, na nyimbo za jumbani vilevile. Waliopiga chapa Kiswahili mjini humo walikuwa wamisionari wa Askofu Edward Steere, kwa herufi za Kilatini. Ila muziki haukubaki kuwa mali ya jumba. Mwaka 1905 kikaundwa Ikhwani Safaa, chama cha wapenzi wa taarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuchuuza vyungu, akaiimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda kurekodi sahani za santuri kulekule Bombay alikohamishiwa Barghash. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, kwa Kiswahili.